Jino lililozibwa ndani ya kompyuta: mambo tuliyoyajua kwa kukosea

Chukua gego la kwanza la chini, lililochimbwa tundu linalokata uso wa kutafunia kutoka upande wa mbele hadi wa nyuma, kisha likazibwa kwa amalgamu, ile dawa ya kuziba ya metali. Liingize kwenye kompyuta, liwekee mzigo wa niutoni 150, uiambie programu kwamba amalgamu imegandana na jino. Picha itakayotoka itapendeza: vilele vya gego havijafunguka na mkazo kwenye dentini, tabaka la jino lililo ndani ya gamba la nje, ni mdogo wa kuridhisha. Picha hiyo ni uongo. Amalgamu haigandani na jino. Imekaa tu ndani ya tundu, imeshikwa na umbo la tundu lenyewe, kama kabari iliyopigwa kwenye gogo. Badilisha mstari mmoja tu kwenye faili, toka mgando kamili kwenda mgusano wenye msuguano, na vilele vinafunguka. Mkazo wa kuvuta unaibuka kwenye kona ya sakafu ya tundu, mahali palepale ambapo daktari wa meno hukuta ufa kwenye magego yaliyozibwa miaka mingi nyuma.

Tunaanza na kosa hilo kwa sababu limewapata wengi, nasi tumo, na kwa sababu linaonyesha kazi hii inaamuliwa wapi. Mtu anaweza kupoteza wiki nzima akisawazisha umbo la mzizi, ilhali jibu liko kwenye mpaka kati ya jino na kijazo, yaani ile dawa ya kuziba. Umeuelezaje mpaka huo? Umeshikana, umeteleza, umeachana, umesinyaa? Hayo manne ndiyo tunayoyauliza kwanza kila tunapoletewa modeli ya mtu mwingine.

Mbinu yenyewe ni ileile ya wahandisi wa madaraja na ndege, mbinu ya elementi finiti. Umbo linakatwa vipande vidogo vingi, kila kipande kinapewa ugumu wake, kisha kompyuta inatafuta jinsi vyote vinavyosogea kwa pamoja mzigo ukiwekwa. Kwenye meno haikuanza jana. Mwaka 1973 Farah, Craig na Sikarskie wa Michigan walichapisha uchambuzi wa gego la kwanza lililokarabatiwa. Walilichukulia jino kuwa kitu cha mviringo kinachozunguka mhimili mmoja, kwa kuwa kompyuta za wakati ule zisingebeba zaidi. Leo kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 32 inabeba gego zima na mfupa wake, na programu za bure kama CalculiX na FEBio zinatosha kabisa kwa kazi ya kiwango cha uzamili. Kukosa pesa ya leseni kusimzuie mtu.

Umbo la jino lipatikane kwenye jino lenyewe. Skani ya maikro-CT yenye vokseli, yaani vijichemraba vinavyounda picha, za mikromita 20 hadi 40 inafaa sana. CT ya kliniki ya meno, ambayo vokseli zake ni mikromita 75 hadi 200, inatosha kwa umbo la jumla lakini inachanganya mahali enameli, gamba gumu la nje, inapokuwa nyembamba. Jino lililong'olewa litunzwe kwenye majimaji tangu siku ya kwanza, kwa mfano maji yenye thaimoli ya asilimia 0.1, likikauka dentini inapasuka, na nyufa hizo zitaonekana kwenye skani kana kwamba mgonjwa alikuwa nazo. Kutenganisha enameli na dentini ni suala la kizingiti cha rangi ya kijivu: angalia grafu ya mgawanyo wa rangi, utaona vilima viwili, weka kizingiti kwenye bonde lililo katikati. Miale hafifu ikiwa haijachujwa kwa bati la alumini, sehemu za nje za jino zitang'aa kupita kiasi na dentini ya pembeni itahesabiwa kuwa enameli. Kazi hii tunaifanya kwa programu ya 3D Slicer au ITK-SNAP.

Enameli inaisha kwa ncha kali sana shingoni mwa jino, inakonda hadi kuwa si kitu. Ukiiacha hivyo, programu inatengeneza elementi bapa kama kisu ambazo hesabu yake haiaminiki, na mara nyingi kazi inakatika hapohapo. Tumezoea kuikata enameli inapofikia unene wa mm 0.15 na kuihesabu sehemu iliyobaki kuwa dentini. Jambo hili halibadilishi mkazo wa kwenye taji, yaani sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi, ila liandikwe kwenye ripoti, maana anayesoma habari za ukingo wa shingoni lazima ajue.

Tundu usilichimbe kwenye jino halisi kabla ya skani. Skani jino zima, kisha chimba ndani ya kompyuta. Hapo utapata jino zima, jino lenye tundu tupu, jino lenye amalgamu na jino lenye kompoziti, ile dawa ya rangi ya jino inayogandishwa kwa taa, yote kutoka mwili mmoja, na tofauti utakayoiona itatokana na kijazo tu. Kwa tundu la kupita pande zote mbili, kipimo cha kuanzia kinachofaa ni upana wa theluthi moja ya umbali kati ya vilele, kina cha mm 2.5 katikati, na masanduku ya pembeni yaliyoshuka mm 1.5 zaidi.

Sasa tarakimu. Kwa dentini tunaweka moduli ya Young, yaani ugumu wake, ya GPa 18.6 na uwiano wa Poisson, yaani kiasi nyenzo inavyokonda ikivutwa, wa 0.31, kwa enameli GPa 84 na 0.33. Mfupa mgumu wa taya GPa 13.7, mfupa wa sponji GPa 1.37, yote kwa 0.30. Amalgamu iko kati ya GPa 35 na 50. Glasi ayonoma ngumu, ile dawa ya kuziba inayochanganywa kwa poda na majimaji, ni kama GPa 8 hadi 11. Kompoziti ndiyo yenye kusumbua: ile nyepesi inayotiririka inaweza kuwa na GPa 5 au 7, ile iliyojaa chembe za kioo ikafika 15 au 20. Kuandika neno kompoziti na kuipa tarakimu moja bila kutaja aina ni kama kuandika mbao bila kusema ni mninga au msonobari. Kiini cha jino ni laini mno, MPa 2 hivi, na ukikiacha kikawa shimo tupu majibu ya kwenye taji hayatikisiki.

Vipimo viende pamoja. Ukitumia milimita na niutoni, mkazo unatoka kwa MPa, na GPa moja ni MPa 1000, kwa hiyo dentini inaandikwa 18600, si 18.6. Mwenye kuandika 18.6 anapata jino laini kama mpira, na hapo atashtuka, afadhali. Hatari ni anayekosea tarakimu ya nyenzo moja tu, tuseme mfupa: jino linazama kidogo zaidi, picha inaonekana ya kawaida, na kosa linapita hadi kwenye jarida.

Kitu kingine cha kwetu. Tarakimu hizi za vitabuni zilipimwa kwa meno yenye enameli nzima. Maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, ambako maji yana floridi nyingi, meno mengi yana madoa ya kahawia na enameli iliyo na vinyweleo chini ya ngozi yake ya juu. Kuzipachika GPa 84 kwenye enameli ya namna hiyo si haki kwa mgonjwa. Ikiwa kipimo cha jino lenyewe hakipo, rudia hesabu kwa enameli iliyopunguzwa ugumu kwa hatua, uone jibu linahama kiasi gani. Lisipohama, salama. Likihama, sema.

Jino halikupigiliwa mfupani. Limening'inizwa kwa ligamenti yenye unene wa mm 0.2 hadi 0.25. Ugumu wake katika machapisho unatofautiana kwa maelfu ya mara, nasi hutumia MPa 50 hadi 70 na uwiano wa 0.45 kwa sababu ndizo zilizozoeleka na kulinganishika. Kwa swali la kijazo, ligamenti inabadilisha sana kiasi jino linavyozama na kidogo tu mkazo ulio kwenye taji. Kwa swali la mzizi ni kinyume, inabadilisha kila kitu. Wengine hufunga mizizi moja kwa moja, bila mfupa wala ligamenti, ili kuokoa muda. Hilo tunalikataa, kwani jino linakuwa gumu kuliko lilivyo na shingo inabeba mkazo wa bandia. Funga sehemu ya chini na ubavu wa kipande cha mfupa, mbali na mizizi. Ukimaliza, jumlisha nguvu zote za kwenye sehemu iliyofungwa: lazima ziwe sawa na mzigo ulioweka. Umeweka N 150 na zimerudi N 131? Kuna uso haukushikana mahali fulani.

Mzigo usiuweke kwenye nodi moja, yaani nukta moja ambapo elementi zinakutana. Nodi moja ni sindano isiyo na upana, na mkazo chini yake hauna mwisho. Tumia mpira mgumu wa kipenyo cha mm 6 hadi 8 unaogusa miteremko ya ndani ya vilele, kama punje ya chakula inavyofanya. Mpira huo una faida nyingine: unasukuma vilele kwenda nje, na huko ndiko kunakovunja meno. Kutafuna kwa kawaida ni niutoni kadhaa hadi mia na kitu. Kuuma kwa nguvu zote kwenye magego ya mtu mzima hufika N 500 na zaidi. Kisha weka hali ya pili, ile ya jiwe kwenye wali: nguvu yote juu ya kilele kimoja, kwa pembe ya digrii 45. Wagonjwa wengi waliokatikiwa kilele wanasimulia hivyo, jiwe kwenye wali, mfupa wa mbuzi au kipande cha muwa. Modeli iliyobebeshwa mzigo wa wima peke yake haitawahi kuonyesha kilichowapata.

Kwenye wavu wa elementi tuna sheria chache tusizozivunja. Piramidi zenye nodi nne ni ngumu kupita kiasi na zinaficha mkazo; tumia zenye nodi kumi. Karibu na mpaka wa kijazo elementi ziwe za mm 0.1 hadi 0.15, kwenye taji mm 0.4 au 0.5, kwenye mfupa mm 1 hadi 2. Gego moja huishia kati ya elementi laki tatu na milioni moja. Fanya nyavu tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, ulinganishe mkazo mahali palepale. Tofauti kati ya wavu wa pili na wa tatu ikiwa chini ya asilimia 5, jibu limetulia.

Ila kuna mahali ambapo halitatulia hata ukiongeza elementi hadi kompyuta izime: kona kali ya ndani ya tundu. Kihesabu, mkazo wa hapo unaelekea usio na kikomo, kwa hiyo kila wavu mdogo zaidi unaleta namba kubwa zaidi. Kuna watu wamekwisha andika kwamba nyenzo fulani inaleta mkazo wa MPa 140 na nyingine 95, kumbe walikuwa wanalinganisha ukubwa wa elementi. Zungusha kona kwa nusu kipenyo cha mm 0.3 hadi 0.5, kama keekee ya umbo la pea inavyoacha kwenye jino halisi. Na badala ya kuripoti kilele cha juu kabisa cha mkazo, ripoti ujazo wa dentini uliopita kiwango fulani, au wastani wa eneo dogo linalojulikana. Namba moja kutoka nodi moja haifai kumwelekeza daktari achague dawa ipi.

Gundi inayoshikisha kompoziti kwenye jino nayo ina mtihani wake. Tabaka lake ni la mikromita 10 hadi 50. Ukitaka kuijenga kama mwili wenye elementi za mikromita 20, mchemraba wa mm 10 kila upande utahitaji elementi 500 kwa 500 kwa 500, yaani milioni 125. Haiwezekani. Ama weka elementi za mpaka zisizo na unene zenye nguvu ya kushika na kuachia, ama iache gundi na kuunganisha kijazo moja kwa moja na jino, ukisema wazi kwamba umefanya hivyo. Njia mbili hizo zinakubalika. Isiyokubalika ni ya tatu, kuinenepesha gundi hadi mm 0.2 ili iingie kwenye wavu: tabaka laini nene kiasi hicho linameza mkazo ambao mdomoni hakuna cha kuumeza.

Tumefika kwenye kusinyaa, na hapa tutakaa. Kompoziti ikipigwa taa ya buluu inasinyaa, kwa aina nyingi kati ya asilimia 2 na 3.5 ya ujazo. Programu nyingi hazina kitufe cha kusinyaa, kwa hiyo tunadanganya kwa joto: tunaipa kompoziti mgawo wa kutanuka, kisha tunashusha nyuzi moja ya sentigredi. Mgawo ukiwa 0.008 kwa nyuzi, kompoziti inapungua urefu kwa asilimia 0.8 kila upande, ambayo ni asilimia 2.4 ya ujazo. Nyenzo nyingine zote zipewe sifuri, la sivyo jino nalo litasinyaa. Na ukishamaliza, ukitaka kufanya hesabu ya joto la kweli, kumbuka kuurudisha mgawo wake halisi. Tumeona faili zilizobeba 0.008 hadi kwenye uchambuzi wa chai ya moto.

Fanya sasa hesabu ya mkono kabla ya kubonyeza chochote. Moduli ya kompoziti ni MPa 12000. Mara 0.008 ni MPa 96. Hiyo ni hesabu ya upande mmoja tu. Ikibanwa pande zote inazidi hapo. Gundi nzuri kwenye dentini inashika MPa 20 hadi 30. Kwa hiyo kama hesabu ingekuwa kweli, kila kijazo cha kompoziti duniani kingebanduka kabla mgonjwa hajashuka kwenye kiti. Havibanduki. Kosa liko wapi?

Liko kwenye saa. Kompoziti inaanza ikiwa uji, na uji unaposinyaa unatiririka tu, hausukumi mtu. Mkazo unaanza kujengeka baada ya nyenzo kuganda kiasi cha kutotiririka tena, na kusinyaa kunakobaki baada ya hapo ni sehemu ndogo ya ile jumla. Sehemu hiyo ndiyo inayopaswa kuingia kwenye modeli. Hupimwa kwa kubandika kipima-mnyumbuko chini ya tone la kompoziti na kusoma kuanzia taa inapowaka. Ikiwa iliyobaki ni asilimia 0.2 kwa urefu, hesabu ileile inatoa MPa 24, na hapo tunaanza kuelewana na kliniki: kwenye kuta zenye enameli nzuri inashika, kwenye sakafu ya dentini yenye unyevu inaweza kuachia. Tofauti kati ya 96 na 24 haikutokana na programu wala wavu. Ilitokana na kujua namba ipi ya kusinyaa imepimwa lini.

Uhakiki wake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kijazo kinaposinyaa kinavuta vilele vya gego ndani, kwa makumi ya mikromita kwenye tundu kubwa. Maabara yenye kipimo cha kugusa au darubini inaweza kusoma umbali kati ya vilele viwili kabla na baada ya taa. Modeli yako ikisema mikromita 90 na jino likasema 25, umeingiza kusinyaa kote. Ikisema 3, ama tundu ni dogo mno ama kijazo hakikushikana na kuta.

Halafu kuna swali la matabaka. Madaktari wamefundishwa kuweka kompoziti tabaka kwa tabaka ili kupunguza mkazo. Mwaka 1996 Versluis, Douglas, Cross na Sakaguchi walilipitisha swali hilo kwenye elementi finiti na kupata kwamba matabaka yanaweza kuongeza mvuto wa vilele: kila tabaka linavuta kuta kidogo, tundu linapungua, na tabaka linalofuata linaingia kwenye tundu ambalo tayari limebonyea. Kulirudia hilo, elementi za tabaka la pili ziwe zimezimwa wakati la kwanza linasinyaa, kisha ziwashwe bila mkazo kwenye umbo lililokwisha kugeuka. Ukiziwasha kwenye umbo la zamani, programu inazinyoosha kwa nguvu hadi zifike ukutani, na unapata mkazo ambao haukuwahi kuwako. Matokeo hayo yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kujaza tundu lote mara moja kwa kompoziti ya kawaida. Taa inapenya kama mm 2, na kompoziti ambayo haikuiva chini ni balaa kubwa kuliko mikromita chache za kilele. Aina zilizotengenezwa kwa tabaka la mm 4 zina habari yake.

Joto tunalipita haraka. Kompoziti hutanuka kama sehemu 25 hadi 60 katika milioni kwa kila nyuzi, dentini kama 8 hadi 11, amalgamu 25, glasi ayonoma karibu sawa na dentini. Chai ya moto inayopandisha uso wa jino nyuzi 30 ingeleta, kwa kompoziti yenye 40, tofauti ya asilimia 0.09 na mkazo wa MPa 11 hivi. Ila namba hiyo inadhani joto limefika hadi sakafuni. Mnywaji anameza ndani ya sekunde mbili tatu, na jino linapitisha joto polepole. Fanya hesabu inayokwenda na muda, hatua za sehemu ya kumi ya sekunde, utaona mkazo unabaki kwenye ukingo wa juu tu.

Kusoma matokeo ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Programu nyingi hufungua kwanza picha ya mkazo wa von Mises, namba moja inayojumuisha mikazo ya pande zote, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya chuma. Von Mises haina alama ya kujumlisha wala kutoa. Sehemu mbili zenye MPa 40, moja inagandamizwa na nyingine inavutwa, zinapakwa rangi ileile. Chuma hakijali. Enameli, kompoziti na glasi ayonoma zinajali mno. Viwango vya kimataifa vinaitaka glasi ayonoma ya kuzibia ibebe angalau MPa 100 za kugandamizwa, lakini ikivutwa inakatika kwa kumi na kitu. Kwa nyenzo hizi tazama mkazo mkuu wa juu, ule wenye alama, na ulinganishe na nguvu ya kuvutwa ya nyenzo husika. Kwenye mpaka, tazama mkazo wa kubandua na wa kukata, kila mmoja peke yake.

Tumeiacha glasi ayonoma mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayotugusa zaidi. Njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono tu, bila keekee wala umeme, inayojulikana kama ART, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza. Imeokoa magego ya watoto wengi ambao vinginevyo yangeng'olewa. Kwenye tundu la uso mmoja kijazo chake kinadumu vizuri. Kwenye tundu lenye nyuso mbili, la kutafunia na la ubavuni, kinakatika mara nyingi zaidi, na modeli inaonyesha sababu kwa uwazi ambao jicho haliupati.

Tundu la nyuso mbili lina shingo, pale sehemu ya juu inapokunja kushuka kwenye sanduku la ubavuni. Mzigo ukikaa juu ya ukingo wa ubavu, sanduku linasukumwa chini na nje, na shingo inapinda kama ubao uliowekwa ukingoni mwa meza. Mkazo wa kuvuta unakaa juu ya shingo. Kwa ubao, mkazo wa kupinda unapungua kwa mraba wa unene: shingo ya mm 1 ikifanywa mm 2, mkazo unashuka hadi robo. Jino si ubao, maana dentini iliyo chini inasaidia, kwa hiyo punguzo kwenye modeli huwa dogo kuliko hilo, lakini mwelekeo ni uleule. Ukiongeza kina unakata sehemu ya jino isiyooza ambayo ART ilikusudia kuiacha. Kwa hiyo tunajaribu kwanza vitu visivyokata chochote. Tunashusha kijazo mm 0.3 pale kinapokutana na jino la juu, ili mzigo uhamie kwenye enameli ya kilele. Tunazungusha kona ya sakafu ya sanduku, kazi inayofanyika kwa kijiko cha mkono. Tunaweka pia hali ya kijazo kilichoachia ukuta mmoja, kwa kuwa mate yakigusa tundu kabla ya kujazwa, hiyo ndiyo hali halisi.

Na tunarudia yote kwa glasi ayonoma dhaifu. Fuji IX, inayotumika sana kwa ART, huchanganywa poda gramu 3.6 kwa gramu 1 ya majimaji. Mchanganyaji aliye kwenye benchi la shule, chini ya mwembe, jua likiwaka na mchanganyiko ukiganda haraka kuliko kawaida, huongeza tone ili upakike. Mchanganyiko mwepesi una nguvu ndogo ya kuvutwa. Kwa hiyo kwenye mstari wa nguvu ya nyenzo hatuandiki namba ya maabara peke yake. Tunaandika ya maabara, ya robo chini yake na ya nusu chini yake, kisha tunaangalia ni kwa namba ipi shingo inakatika kwa N 150. Kipimo cha kina cha shingo tunachompelekea daktari ni kile ambacho hakikukatika kwa namba ya chini kabisa.